Homa ya Ini Aina A: Chanjo Yake Ilikotoka, na Nani Hasa Anaihitaji

Hapa tumezoea kuzungumzia viwavijeshi, mbegu na bei ya mahindi. Leo nakuomba tukae pamoja kwenye jambo la ini la binadamu. Ukifika mwisho utaona kwa nini bwana shamba ameingia kwenye eneo la daktari.

Msimu uliopita nilikuwa natoka kukagua bustani za mboga kando ya mto, mama mmoja anayeuza chipsi na kachumbari karibu na stendi akanisimamisha. Kijana wa jirani yake, aliyelelewa na kusomea mjini, alikuwa amerudi nyumbani. Baada ya mwezi na siku kadhaa macho yake yakawa ya njano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, na chakula akawa hataki hata kukinusa. Mtaani wakasema ni homa ya manjano. Wengine wakasema ni nyongo. Halafu wachache wakaanza kuinyooshea kidole kachumbari ya yule mama, na wateja wakapungua.

Aliniuliza maswali mawili. La kwanza: "Mimi na wanangu tunakula kachumbari hiyo hiyo kila siku na hatujaugua. Imekuwaje augue yeye?" La pili: "Nasikia chanjo ipo. Mbona kliniki hatujawahi kupewa?"

Kijana alipona, namshukuru Mungu. Lakini maswali yale sikuweza kuyajibu kwa dakika mbili pale barabarani, kwa sababu yaliwachukua madaktari wa dunia zaidi ya miaka 40 kuyajibu. Ngoja nikusimulie walivyofika, maana majibu yake yanagusa shamba lako, genge lako na wajukuu wako.

MANJANO NI DALILI, SI JINA LA UGONJWA

Ukiona mahindi yamegeuka njano, hukimbilii dukani kununua dawa ya kwanza unayoiona. Unajiuliza kwanza: ni upungufu wa naitrojeni, ni maji yaliyotuama kwenye mizizi, au ni ugonjwa? Rangi ni moja, vyanzo ni vingi.

Mwili wa mtu ni hivyo hivyo. Ini ndilo linaloondoa rangi ya njano inayotokana na chembe za damu zilizochakaa. Likishindwa kazi hiyo, rangi inabaki mwilini na kuonekana machoni na kwenye ngozi. Ini linaweza kushindwa kwa sababu ya virusi, pombe, sumu, hata malaria kali inaweza kuleta manjano.

Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa. Huenezwa na mbu, na chanjo yake ndiyo ile inayoandikwa kwenye kadi ya njano ya wasafiri. Homa ya ini ni kuvimba kwa ini, na virusi vinavyoileta vimepewa herufi A, B, C, D na E. Aina B na C hupita hasa kwenye damu na majimaji ya mwili. Aina A na E hupita kwenye kinyesi kinachoingia kinywani kupitia mikono, maji au chakula. Aina A haikai mwilini kwa miaka kama B na C. Ukishapona, umepona, na haikurudii tena maisha yako yote.

Leo haya tunayasema kwa urahisi. Zamani hakuna aliyeyajua.

ASKARI WALIOCHANJWA HOMA YA MANJANO WAKAPATA MANJANO

Mwaka 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani liliwachanja askari wake dhidi ya homa ya manjano. Chanjo ya wakati ule ilichanganywa na majimaji ya damu ya watu ili isiharibike. Baada ya miezi michache askari wapatao 50,000 wakaugua. Macho yalikuwa ya njano, lakini homa ya manjano haikuwa. Damu ile ilikuwa na kirusi ambacho leo tunakiita homa ya ini aina B.

Wakati huo huo, kwenye kambi za Afrika Kaskazini na Italia, askari wengine waliugua manjano bila kuguswa na sindano. Hao walikuwa na vyoo vibovu, nzi wengi na maji machafu. Madaktari wakaanza kuelewa kwamba wana magonjwa mawili mikononi: moja la damu, moja la choo. Mwaka 1947 daktari wa Uingereza, F. O. MacCallum, akapendekeza majina mepesi. Lile la choo aliliita A, lile la damu akaliita B. Majina hayo ndiyo tunayotumia hadi leo.

KINGA YA KUAZIMA

Mwaka 1944 kwenye kambi ya watoto ya likizo huko Pennsylvania, Marekani, manjano yalilipuka kutokana na maji ya kunywa yaliyochafuliwa. Madaktari Joseph Stokes na John Neefe walijaribu jambo jipya. Waliwachoma baadhi ya watoto sindano ya gama globulini, yaani protini za kinga zilizochujwa kutoka kwenye damu ya watu wazima wengi. Waliochomwa wakaugua wachache sana kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1945.

Kinga ile ilikuwa ya kuazima. Ukiazima jembe la jirani unalima leo, lakini kesho mwenyewe atalitaka. Baada ya miezi michache protini zile huisha mwilini na mtu anarudi kuwa wazi kama alivyokuwa.

Lakini jiulize swali ambalo ndilo ufunguo wa habari yote hii: damu ya watu wazima wa kawaida ilipata wapi kinga dhidi ya ugonjwa ambao wengi wao hawakukumbuka kuugua? Jibu ni kwamba waliupata wakiwa wadogo bila kujua. Mtoto wa chini ya miaka 6 akiingiwa na kirusi cha aina A, mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Anacheza, anakula, anatoa kirusi kwenye choo, na mwili wake unajijengea kinga ya maisha. Mtu mzima akiingiwa kwa mara ya kwanza, mara nyingi ndiye anayelala kitandani na macho ya njano. Na kadiri umri unavyoongezeka, ndivyo hatari ya kufa inavyoongezeka.

Shika hilo, tutalirudia.

WATOTO WA WILLOWBROOK

Sehemu hii si ya kujivunia, lakini ukweli lazima usemwe. Katika jimbo la New York kulikuwa na taasisi kubwa ya watoto wenye ulemavu wa akili iitwayo Willowbrook. Ilijaa kupita kiasi, usafi ulikuwa mbaya, na karibu kila mtoto aliyeingia aliishia kupata homa ya ini. Kuanzia mwaka 1956, daktari Saul Krugman na wenzake waliwaambukiza kwa makusudi baadhi ya watoto wapya, ili wafuatilie ugonjwa unavyokwenda na namna ya kuukinga. Hoja yao ilikuwa kwamba watoto hao wangeupata tu. Wazazi walitia saini, lakini wakosoaji walisema saini ya mzazi anayetafuta nafasi ya mtoto wake kwa shida haiwezi kuitwa hiari.

Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1967 ilithibitishwa kwamba kulikuwa na homa mbili tofauti, na kuugua moja hakumkingi mtu na nyingine. Ujuzi ulipatikana. Waliolipa gharama yake ni watoto ambao wenyewe hawakuweza kusema ndiyo wala hapana. Siku hizi Willowbrook hufundishwa vyuoni kama mfano wa utafiti usiopaswa kurudiwa. Ukisikia leo kwamba mtafiti hawezi kuchukua hata tone la damu yako bila kukueleza na wewe kukubali, jua kwamba masharti hayo yana historia yenye machungu.

KIRUSI CHAONEKANA

Mwaka 1973 Stephen Feinstone, Albert Kapikian na Robert Purcell wa Marekani walichukua kinyesi cha watu wazima waliojitolea kuambukizwa aina A. Wakakichanganya na majimaji ya damu ya mtu aliyepona, wakaangalia kwa darubini ya elektroni. Kingamwili za aliyepona zilikuwa zimevikusanya virusi pamoja, kama sumaku inavyokusanya misumari. Kwa mara ya kwanza kirusi kikaonekana: kiduara chenye upana wa nanomita 27. Ukivipanga mstari mmoja utahitaji kama 37,000 kufikisha milimita moja. Ndiyo maana mikono inayoonekana safi kwa macho haina maana ni safi.

Mwaka 1979 Philip Provost na Maurice Hilleman wakafanikiwa kukiotesha kwenye seli maabarani. Kwetu wakulima hiyo ni sawa na kupata mbegu. Bila kukiotesha kirusi, huwezi kukipata kwa wingi, na bila wingi huwezi kutengeneza chanjo. Kilichobaki ni kukiua kwa fomalini, ili mwili ukione na kujifunza kupigana nacho bila kuugua.

Lakini kabla chanjo haijakamilika, mji mmoja mkubwa ukapata somo la kutisha.

SHANGHAI, 1988: KOMBE ZA BEI RAHISI

Mwanzoni mwa mwaka 1988 hospitali za Shanghai, China, zilifurika. Ndani ya miezi mitatu hivi karibu watu 300,000 waliugua homa ya ini A. Vitanda viliisha, wagonjwa wakalazwa hata kwenye majengo ya viwanda na shule.

Chanzo kilikuwa kombe, ndugu zao hawa ambao akina mama wa Unguja na Pemba huokota maji yakitoka. Zilivuliwa kwa wingi eneo la Qidong, kaskazini mwa mdomo wa Mto Yangtze, ambako bahari ilikuwa imechafuliwa na maji ya vyooni. Kombe hula kwa kuchuja maji. Kila lita inayopita inaacha ilichobeba, na virusi hujilimbikiza ndani. Watu wa Shanghai walizipenda zikiwa nusu mbichi: unazimwagia maji ya moto kidogo, ganda linafunguka, unakula. Moto ule ulitosha kufungua ganda, haukutosha kuua kirusi.

Na sasa lile nililokuambia ushike. Wengi sana walioumwa Shanghai walikuwa watu wa miaka 20 hadi 39. Wazee walikula kombe zile zile wakabaki salama, kwa sababu walikua kwenye Shanghai ya zamani yenye uchafu na walikwisha kupata kinga utotoni. Vijana walikua kwenye mji wenye maji safi zaidi. Usafi uliwaokoa na ugonjwa wakiwa wadogo, lakini ukawaacha bila kinga siku chakula kibaya kilipoingia mezani.

Usinielewe vibaya. Sisemi uchafu ni dawa. Uchafu ule ule unaompa mtoto kinga ya homa ya ini A unamletea pia kipindupindu, taifodi na kuhara kunakoua. Ninachosema ni kwamba kijiji kinapoendelea nusu nusu, wengine wana bomba na wengine wanachota mtoni, ndipo hatari hii huibuka.

CHANJO YAJARIBIWA

Mwaka 1991 chanjo ilijaribiwa Kiryas Joel, mji mdogo wa jimbo la New York wenye familia kubwa za Kiyahudi, ambako homa ya ini A ilikuwa inarudi mara kwa mara. Watoto 1,037 waligawanywa makundi mawili, kundi moja likachomwa chanjo na jingine sindano isiyo na dawa. Kuanzia siku ya 50 baada ya sindano, watoto 25 waliugua. Wote 25 walitoka kundi lisilochanjwa. Kwenye kundi la chanjo hakuugua hata mmoja.

Huko Kamphaeng Phet, Thailand, zaidi ya watoto 40,000 walishiriki jaribio jingine, na matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 94. Wakati huo Ulaya ilikwisha kuanza kuitumia, na Marekani iliiidhinisha mwaka 1995. China, ikiwa na kumbukumbu ya Shanghai, ilitengeneza chanjo yake yenyewe ya kirusi kilichodhoofishwa, na mwaka 2008 ikaiweka kwenye chanjo za kawaida za watoto.

Israeli ilianza kuchanja watoto wadogo wote mwaka 1999, na ugonjwa ukashuka kwa zaidi ya asilimia 95 nchi nzima, hata kwa watu wazima ambao hawakuchanjwa. Maana yake ni kwamba watoto wasio na dalili ndio waliokuwa wakiusambaza. Argentina ilianza mwaka 2005 kwa dozi moja tu badala ya mbili, na ugonjwa ukapungua sana huko pia.

VITUNGUU VYA MAJANI, 2003

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike. Mwaka 2003, kaunti ya Beaver huko Pennsylvania, watu wapatao 600 waliokula kwenye mgahawa mmoja waliugua homa ya ini A, na watatu wakafa. Wachunguzi waliwapima wafanyakazi wa jikoni wakitafuta aliyeleta ugonjwa. Hakupatikana. Chanzo kilikuwa vitunguu vya majani vilivyotoka Mexico vikiwa vimekwisha kuchafuliwa kabla ya kufika mgahawani. Vilikatwakatwa na kutiwa vibichi kwenye mchanganyiko wa nyanya na pilipili, jamaa wa karibu kabisa wa kachumbari yetu.

Fikiria safari ya kitunguu cha majani. Kinamwagiliwa. Kinang'olewa kwa mkono. Kinamenywa kwa mkono. Kinafungwa mafungu kwa mkono. Majani yake yamebanana, na uchafu ukiingia kati hautoki kwa kusuuza mara moja. Katika hatua hizo zote, inatosha mtu mmoja asiye na choo karibu, au maji yaliyopita penye kinyesi.

Zaidi ya watu 9,000 walichomwa ile gama globulini ya kuazima ili kuzuia ugonjwa usienee. Serikali ya Marekani ikazuia vitunguu vya mashamba kadhaa ya Mexico. Nakuambia hili wewe unayeuza mboga mjini au unayeota kuuza nje: soko linaloporomoka kwa uchafu haliangalii nani alikuwa msafi na nani hakuwa. Mnaanguka wote.

MAJIBU YA MAMA WA KACHUMBARI

Sasa tunaweza kumjibu.

Swali la kwanza, kwa nini aliugua kijana na si wao. Katika nchi zenye maji na vyoo duni, Shirika la Afya Duniani linasema watoto wengi, kama asilimia 90, huwa wameambukizwa aina A kabla ya kutimiza miaka 10. Inaelekea mama na wanawe walikwisha kuipata zamani bila kujua. Kijana alikulia kwenye bomba na choo cha kuvuta maji, akafika bila kinga. Kama ilikuwa aina A, ndivyo ilivyokuwa.

Lakini je, ni kachumbari? Hakuna anayeweza kusema kwa kunyoosha kidole. Kirusi hiki hukaa mwilini wiki 2 hadi 7 kabla ya dalili, kwa kawaida wiki 4 hivi. Anayeugua leo hakukipata kwenye chakula cha jana. Huenda alikipata kwenye kisima, kwenye juisi ya njiani, au kwa mtoto wa nyumbani aliyembeba. Kumhukumu mfanyabiashara kwa macho tu ni dhuluma. Kumwacha aendelee bila maji ya kunawa ni uzembe. Yote mawili tuyaache.

Swali la pili, kwa nini chanjo haitolewi kliniki. Pale ambapo karibu kila mtoto hupata kinga mapema bila kuugua, Shirika la Afya Duniani halipendekezi kuchanja watu wote. Fedha hiyo huokoa maisha mengi zaidi ikienda kwenye chanjo nyingine, maji na vyoo. Chanjo ya homa ya ini ambayo mtoto wako hupata akiwa na wiki 6, 10 na 14 ni ya aina B, iliyo ndani ya ile sindano ya magonjwa matano. Usiache kumpeleka, na usidhani inamkinga na A.

NANI BASI AKAULIZIE CHANJO YA A?

1. Mtu aliyekulia kwenye mazingira ya maji safi anayekuja kuishi au kutembea vijijini. Hapa ndipo wengi tunakosea. Mwanao yuko Ulaya au Marekani, anakuja Krismasi na watoto. Tunadhani hawa ni damu yetu, hawatadhurika. Damu ni yetu, lakini ini lao halijawahi kukutana na kirusi hiki. Mpigie simu mapema, mwambie awachanje watoto waliotimiza mwaka mmoja na zaidi, ikiwezekana wiki 2 au zaidi kabla ya safari.

2. Mtu mwenye ugonjwa wa ini wa muda mrefu, kama aliyeambiwa ana aina B au C, au ini limeharibiwa na pombe. A ikimkuta juu ya hiyo, inaweza kumuua.

3. Wanaofanya kazi ya majitaka, na wanaoishi pasipo vyoo. Mwaka 2017 ugonjwa huu ulisambaa San Diego, Marekani, kati ya watu wasio na makazi. Karibu watu 590 waliugua na 20 wakafa, ndani ya nchi tajiri yenye chanjo kwenye majokofu. Wauguzi walilazimika kutembea mitaani na sindano, na mji ukaweka mabomba ya kunawia na vyoo vya muda. Chanjo bila choo ilikuwa imechelewa.

4. Aliyeishi nyumba moja na mgonjwa na hajawahi kuugua wala kuchanjwa. Utafiti uliofanyika Almaty, Kazakhstan, na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba chanjo ikitolewa ndani ya siku 14 baada ya kukutana na ugonjwa, hukinga karibu sawa na gama globulini. Usisubiri mwezi uishe.

Chanjo hii kwa kawaida ni dozi mbili zilizoachana miezi 6 au zaidi. Hupatikana kwenye baadhi ya hospitali kubwa na kliniki za wasafiri, na hulipiwa. Uliza kwanza kama kuna kipimo cha damu cha kuonyesha kinga, maana huenda unayo tayari na ukaokoa fedha yako.

Tahadhari moja. Manjano yanayowashika watu wazima wengi kwa mkupuo katika ukanda wetu huweza kuwa ya aina E. Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kuanzia mwaka 2007 aina E iliwapata watu zaidi ya 10,000, na iliwaua hasa wajawazito. Chanjo ya A haizuii E. Maji safi na choo huzuia zote mbili.

KAZI YETU SHAMBANI NA GENGENI

- Weka choo na ndoo ya bomba yenye sabuni karibu na wavunaji. Kama choo kiko mbali, watu watakwenda vichakani karibu na mfereji. Hilo tunalijua sote.
- Samadi ya ng'ombe na mbuzi haileti homa ya ini A, maana kirusi hiki ni cha binadamu. Ina vijidudu vingine, kwa hiyo bado iozeshe vizuri. Kinyesi cha binadamu kisiguse kabisa bustani ya mboga zinazoliwa mbichi.
- Osha mboga za kuliwa mbichi kwa maji ambayo wewe mwenyewe ungeyanywa. Kusuuza mboga mferejini ili zing'ae sokoni ni kuzichafua upya.
- Kwa kombe, chaza na samaki: pika mpaka ziive, si mpaka ganda lifunguke tu. Maji ya kunywa na ya juisi yachemke.
- Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka ukitoka chooni, ukimsafisha mtoto, na kabla ya kushika chakula. Beseni moja la kunawia wateja wote halisaidii kitu.
- Mwenye macho ya njano aache kushika chakula cha watu kwa angalau wiki moja tangu manjano yaanze. Lakini kumbuka kwamba huanza kuambukiza kama wiki 2 kabla hayajaonekana. Ndiyo maana kunawa ni kwa kila siku, si kwa siku ya hofu.
- Mgonjwa aende kituo cha afya apimwe, hata kama jirani ameshampa jina la ugonjwa. Asinywe pombe, na asimeze vidonge wala mitishamba hovyo, kwa kuwa vyote hupita kwenye ini hilo hilo linaloumwa. Akichanganyikiwa, akitoka damu au akitapika mfululizo, akimbizwe hospitali.

Yule mama siku hizi ana ndoo ya bomba mbele ya meza yake, ameifunga kipande cha sabuni kwa kamba ili kisiibiwe. Anatia kachumbari nyanya alizoosha kwa maji ya kuchemsha. Wateja wamerudi, na yule kijana ni mmoja wao. Nikipita pale nanawa kwanza, halafu nakaa kula.